Bunduki ya upepo ya kukunja mtutu: nyepesi, nguvu kidogo, kwa nini ndiyo tunairudia?

Mwana_wa_Malaba
Wakubwa habari. Naleta jambo limenikaa kichwani tangu Krismasi. Kwetu kijijini upande wa Tororo kuna bunduki ya upepo aliyoacha babu, Diana 27, ile ya kukunja mtutu, kitako cha mti kimeshakuwa cheusi kwa mikono ya watu. Haifiki kilo 3. Babu aliipata 1972 kwa Mhindi mmoja wa duka Jinja alipokuwa anafunga mizigo ya kuondoka, walikuwa wamejuana miaka mingi, akamwambia hii chukua wewe.

Sasa mwaka jana nilikuwa kazini Afrika Kusini, mwenye shamba mmoja akanipa nijaribu yake ya kisasa, ile inajazwa hewa ya mtungi mpaka bar 200 (kipimo cha msukumo wa hewa), ina darubini, hairuki hata kidogo, unafyatua peleti, kile kirisasi chake kidogo, inapita kwenye tundu la peleti iliyotangulia. Nikasema hii ndio bunduki. Nikapiga kama 40 nikamrudishia, mkono haukuchoka, ni hamu tu iliisha. Halafu Krismasi tukafunga vifuniko vya soda kwa uzi kwenye mwembe, mita 15 hivi, tukapokezana ile ya babu kuanzia saa tisa mpaka giza likaingia, watu wazima na ndevu zao wamepanga foleni kama ya bombani. Inaruka, ina kelele ya springi, ukizembea kidogo umekosa. Na hakuna aliyetaka kwenda kula.

Ni nini hiki? Wenye nazo nisaidieni.

FundiKatwe
Ssebo hilo swali langu kabisa. Mimi nafanya vyuma hapa Katwe, bunduki za upepo nimefungua nne maishani mwangu na mbili zilikuwa Diana. Ndani hakuna maajabu: springi moja ndefu, pistoni, sili ya kuzuia hewa isivuje mbele ya pistoni, kifyatulio, basi. Hizo 27 nyingi kifyatulio chake kinashikwa na gololi 3, ukifungua bila kujua zinakimbilia chini ya meza unatafuta mpaka jioni. Unakunja mtutu, mtutu wenyewe ndio wenzo, unasukuma pistoni nyuma na springi inabanwa, inashikwa. Unaweka peleti kwenye tako la mtutu, unafunga, unapiga. Hakuna pampu pembeni, hakuna mtungi, hakuna betri, hakuna kungoja mtu wa gesi afungue duka.

Jibu langu ni hilo. Iko kamili. Kila kitu inachohitaji kiko mkononi mwako na kwenye mkebe wa peleti mfukoni, na mtu hupenda kitu anachoweza kukielewa chote.

Kasese256
Hapana, mnazunguka. Ni kumbukumbu ya babu tu. Angekuwa babu yako aliacha ile ya mtungi ungekuwa unailia ile ya mtungi. Hata wa Olimpiki wale wa mita 10, tangu mchezo uingie 1984, waliona ya springi haifiki, leo wote ni hewa ya mtungi. Wanaojua wameshaamua.

Nakato_J
@Kasese256 basi nieleze mimi. Kwetu hapakuwa na bunduki yoyote, jajja wangu, babu yaani, alikuwa na jembe. Mara ya kwanza kushika ilikuwa Ujerumani nikisoma, nina miaka 31, rafiki akanipeleka kwenye klabu yao. Kule bunduki ya upepo ya chini ya jouli 7.5 (jouli ni kipimo cha nguvu ya peleti ikitoka) ina alama ya F ndani ya pembe tano, mtu wa miaka 18 ananunua kama anavyonunua kikaango. Nikapewa Weihrauch HW30S, kilo 2 na nusu hivi. Sina kumbukumbu, sina babu, lakini kufika mkebe wa kwanza kuisha nilikuwa nimenasa.

Kwangu mimi ni uzito na upole. Hizo nyingine zote walizonipa nilikuwa napigana nazo. Hii unaikunja kama unafungua dirisha lililokwama kidogo, haikupigi bega, haikuchoshi, mwanamke mwenye mikono yangu anapiga 200 kwa alasiri moja na kesho yake anaandika vizuri. Na kila risasi mwili unaingia kazini: kunja, weka, funga, pumua, piga. Ile ya mtungi ni kubonyeza na kubonyeza. Ndio maana hamu ya Mwana_wa_Malaba iliisha kwenye 40.

Arua_Kwetu
Mimi naona jouli 7.5 ni kidogo sana, hiyo ni ya watoto. Niliona boksi moja mjini limeandikwa mita 400 kwa sekunde!! Sasa ukiwa na hiyo utarudi kwa hii ya kilo 2 kufanya nini? Na tena si hewa inakaa imebanwa pale ndani ikisubiri, ukibana nyingi inatoka kali, ni hesabu ndogo tu.

FundiKatwe
@Arua_Kwetu hewa haikai imebanwa hapo ndani, ndugu yangu. Watu wengi wanafikiri hivyo. Ukishakunja, kilichobanwa ni springi, hewa iliyo mbele ya pistoni ni hii hii unayopumua. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele, ndipo inaibana hewa kufumba na kufumbua, hewa inapata moto na kusukuma peleti. Ndio sababu hairuki kama bunduki ya kawaida. Pistoni ikienda mbele bunduki inakuja nyuma, halafu pistoni ikigonga ule mto wa hewa mwishoni bunduki inavutwa mbele. Mara mbili, nyuma na mbele, haraka sana unasikia kama mtikiso mmoja.

Mwl_Mbale
Nifundishe kidogo kwa kuwa nimeona namba. Peleti ya nusu gramu kwa jouli 7.5 inatoka mita kama 173 kwa sekunde. Ukiipa jouli 16, ambayo ni karibu na mpaka wa Uingereza usiohitaji leseni, inatoka kama 253. Yaani nguvu umezidisha mara mbili na zaidi, mwendo haukuongezeka hata nusu yake, halafu kazi ya kukunja, uzito na mruko vyote vimepanda. Hapo ndipo watu wanapoliwa pesa.

Hiyo 400 ya kwenye boksi huwa wanapimia peleti nyepesi za aloi ambazo hakuna atakayezitumia kulenga. Ikivuka mwendo wa sauti, mita 340 na kitu, inapiga mlio kama mjeledi na ikirudi chini ya mwendo huo inayumba. Ile peleti yenye kiuno cha nyigu imetengenezwa iende chini ya sauti.

Ila na nyie wapenzi wa nyepesi msitie chumvi. Kwa 173 peleti inashuka kama sentimita 12 kutoka mstari wa mtutu ikifika mita 25, na kwenye mita 50 ni zaidi ya nusu mita. Hii ni bunduki ya uani.

Kasese256
Asante mwalimu, sasa tunaelewana. Ya uani.

Nakato_J
Na uani ndiko tunakoishi ssebo.

DaktariWaNgombe
Nimecheka lakini mimi ni shahidi wa upande wa pili, niliwahi kuwa @Arua_Kwetu. Nilinunua kubwa, pamoja na darubini ilikaribia kilo 5, nikawa nazunguka nayo mashambani huko Mbarara kazini kwangu, panya wa stoo za mahindi walikuwa wamezidi. Kuikunja ni kama kukamua ng'ombe anayegoma. Risasi 20 mkono unatetemeka na ukitetemeka huwezi kulenga, hiyo 21 inaenda kwa jirani. Darubini ya kwanza ilikufa mwezi wa pili, msalaba wake ndani ukalala. Nikarudi dukani nikiwa mkali, nikaambiwa ni mimi. Baadae ndio nikaelewa anachosema Fundi, ule mvuto wa kwenda mbele, darubini nyingi zinajengwa kuvumilia mruko wa kurudi nyuma tu, za bunduki ya springi lazima iwe imetengenezwa kwa hiyo.

Nikaiuza. Sasa ninayo ndogo ya milimita 4.5, saiti zake za chuma, ndani ya stoo mita 8 au 10 panya hajui nguvu ni ndogo. Yaani kilichonibadilisha ni kwamba ile kubwa nilikuwa naiacha nyumbani. Hii naenda nayo. Bunduki iliyobaki nyuma ya mlango haina jouli hata moja.

MzeeBombo
Vijana nimesoma yote. Mimi mtoto wa Bombo, nimekaa jeshini miaka, hizo kubwa zenu nazijua na sitaki kuzisema hapa. Nasema hii ndogo ndiyo mwalimu mkali kuliko zote. Kwa nini. Bunduki ya baruti, risasi inatoka kabla hujajua. Hii, pistoni imeshakimbia, bunduki imeshaanza kucheza, peleti bado iko mtutuni! Kosa lako lote, pumzi, kidole, bega, inalibeba mpaka mwisho. Huwezi kuidanganya.

Na msiibane. Hapo ndipo mnakosa. Kijana wa kisasa anaikaba kama mwizi. Weka mkono wa kushoto wazi, kiganja tu, bunduki ilale juu yake, bega iguse kidogo, ishike kama umeshika kifaranga, iache icheze mchezo wake ule ule kila mara. Usiiegemeze kwenye jiwe wala gogo, itapiga pengine kabisa. Ukifyatua baki hapo hapo, jicho kwenye saiti, mpaka usikie kifuniko kinalia.

Kwa hiyo ninavyoona utamu wake ni kwamba inakuambia ukweli.

Kasese256
Mzee heshima yako. Lakini unasema tuipende kwa sababu ni ngumu kupigia? Nakato kasema anaipenda kwa sababu ni rahisi. Mmoja wenu lazima awe amekosea.

Nakato_J
Hatujakosea. Ni rahisi kuikunja na kuibeba, ni ngumu kuipigia vizuri. Ila Mzee sikubali yote, ile HW30S inasamehe sana kuliko kubwa, maana nguvu ni ndogo na pistoni haitikisi sana. Ngumu ya kweli ni ile nyepesi yenye nguvu nyingi, hiyo haina rafiki.

MzeeBombo
Binti hapo umenishinda. Nakubali.

Busia_Trader
Samahani nakatisha. Mimi nataka moja, naipata wapi na inahitaji kibali gani?

DaktariWaNgombe
@Busia_Trader usichukue sheria kwenye uzi. Nenda kituo cha polisi cha wilaya yako KABLA hujatoa pesa, uliza, na wakikupa jibu omba liwe kwa maandishi. Na wanyama pori na ndege usiguse, kuna sheria ya wanyamapori ya 2019 na watu wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, hawataki hadithi. Vifuniko vya soda, makopo, panya wa stoo.

Kijana_wa_Boda
Naongeza hapo. Mimi nilimbeba abiria usiku kutoka Kawempe, amefunga kitu kirefu kwa shuka la kitanda, sikuuliza. Kufika kizuizini askari jeshi kwa Kiswahili kile chao, "hiyo nini, weka chini, weka chini!" Tukalala kwenye lami wote wawili, mimi na pikipiki inaunguruma. Kumbe bunduki ya upepo ya kaka yake inaenda kutengenezwa. Walituachia saa mbili baadae. Kwa jicho la askari usiku hakuna bunduki ndogo. Kama una hiyo kitu beba kwenye gari, ndani ya begi lake, na karatasi zako.

Mama_Butaleja
Sisi wa mpunga ndege wanatumaliza, mnasema tusiguse, sawa, tutawafukuza kwa madebe na makombeo kama mama zetu. Lakini nimekuja kusema kitu kingine. Mimi nawaangalia wanaume wangu nyumbani na ile bunduki ya shemeji. Ni MANATI ile. Hakuna zaidi. Kila mvulana hapa alikuwa na manati ya mpira wa baiskeli na panda la mpera, alikuwa anavuta mwenyewe, nguvu ni yake, jiwe ni lake. Bunduki ya kukunja ni manati iliyoenda shule. Ile ya mtungi nguvu ni ya kompresa ya mtu mwingine.

Mwana_wa_Malaba
Mama umenigusa penyewe. Nguvu ni yako mwenyewe. Hii sikuifikiria.

Kasese256
Si ndio nilisema mimi?? Utoto. Kumbukumbu. Naomba pointi yangu.

Nakato_J
Mimi sikuwahi kuvuta manati, walikuwa wanatunyima wasichana. Pointi umekosa.

Jinja_BSA
Nimeona Mhindi wa Jinja na 1972 nikaingia. Kwetu pia ipo moja ya njia hiyo hiyo ila ni BSA Meteor. Watu hapa wanajua BSA ya baiskeli na pikipiki tu. Tazameni nembo, ni bunduki tatu zimeegemezana, kirefu chake ni silaha ndogo za Birmingham, walianza 1861 na bunduki, baiskeli zikaja baadae. Baba alikuwa na baiskeli yao, mimi mtoto nikiona ile nembo nilidhani ni mianzi ya kuanikia samaki. Bunduki za upepo walianza 1905 na zote za kukunja.

FundiKatwe
Hapo mwisho sahihisha. Zile za mwanzo za BSA zilikuwa na wenzo chini ya mtutu, mtutu wenyewe umetulia haukunjwi. Meteor ndio ya kukunja na hiyo ni ya 1959. Na kuna wanaoapa kwamba ile ya wenzo ni bora kwa kuwa mtutu hausogei, ila uzito unaongezeka, na unarudi kule kule kwa Daktari.

Jinja_BSA
Kale, nimekubali. Baiskeli nilikuwa sahihi lakini.

Busia_Trader
Baiskeli msituletee, Busia ndio kwetu, bodaboda ilizaliwa hapa mpakani na baiskeli hizo hizo, mtu anavushwa kutoka upande huu mpaka ule.

Kijana_wa_Boda
Heshima kwa wazee wa Busia.

Mwl_Mbale
Turudini. Nina onyo moja kwa kuwa kuna wapya. Msipige bila peleti ndani. Peleti ndiyo inafanya hewa iwe mto wa pistoni, bila hiyo pistoni inagonga chuma kwa chuma, springi na sili vinakufa. Na msiiache imekunjwa usiku kucha, springi inachoka. Na mikono muoshe baada ya kushika peleti, msizibane mdomoni kama fundi seremala na misumari. Kiswahili chetu kimeweka wazi, risasi ni risasi, madini na kinachopigwa jina moja, na yale madini ni sumu.

FundiKatwe
Ongeza mafuta. Kuna kijana aliniletea moja imepasuka sili, kisa aliona inalia kavu akatia oili ya injini mbele ya pistoni. Akapiga. Mlio kama baruti, moshi ukatoka mtutuni, akafurahi! Akaongeza tena. Ile hewa inapata moto inawasha mafuta kama injini ya dizeli, ndio kilichokuwa kinatokea. Siku tatu springi imekatika vipande viwili. Na kila unapoweka peleti SHIKA mtutu kwa mkono mwingine. Ndoana ya ndani ikiteleza mtutu unarudi kwa nguvu yote, vidole vyako viko hapo. Kidole changu cha shahada mpaka leo hakinyooki, nilikuwa naharakisha, mteja amesimama.

Arua_Kwetu
Pole sana fundi. Nimesoma uzi wote mara mbili, ile ya 400 nimeiacha. Bado sijaelewa kwa nini kitu chenye nguvu ndogo kinawashika hivi lakini nimeelewa kwamba hamtanii.

Mwana_wa_Malaba
Nawashukuru. Nimesoma na kaka zangu, kila mmoja ana upande wake. Mkubwa ni wa Mzee Bombo, anasema inasema ukweli. Mimi nimeenda na Mama Butaleja. Mdogo wetu wa kike yuko na Nakato, na yeye ndiye alitushinda wote Krismasi, vifuniko 9 kwa 10, hajawahi kuivuta manati hata mara moja, kwa hiyo sijui.

Ila kuna jambo. Ukifyatua inalia twaaang, ndefu, kama kitanda cha chuma, na nguvu naona imepungua kuliko nilivyokuwa mtoto. Nibadilishe springi? Kuna mtu ananiuzia yenye nguvu zaidi.

DaktariWaNgombe
Usitie yenye nguvu zaidi!! Utaigeuza kuwa ile niliyoiuza.

Kasese256
Mimi nasema usibadilishe chochote. Hiyo twaaang ndiyo babu.

Nakato_J
Leo ndio umesema kitu Kasese.

MzeeBombo
Springi inachoka kama mtu. Kumpumzisha mzee siyo kumsahau. Badilisha, weka ya kipimo chake.

FundiKatwe
Mzee sawa, lakini kwanza tuifungue. Mara nyingi twaaang siyo springi kuchoka, ni springi kukosa grisi na kucheza kwenye kiongozi chake, ile fimbo ya ndani inayoinyoosha, na nguvu kupungua ni sili. Za zamani nyingine sili yake ni ya ngozi, hiyo ukiilowesha mafuta kidogo tu, matone mawili, inafufuka. Kama ni ngozi naweza kukata mpya hapa hapa. Springi ya zamani nitaipima urefu nikuambie. Kitako sitakigusa, hata kukifuta sitakifuta.

Lete Jumamosi asubuhi, gololi nitazihesabu mbele yako. Na usije nayo kwa boda.

Nakato_J
Naweza kuja kuangalia?

FundiKatwe
Njoo na peleti.